Maziwa ya Nora

Mavis Pettifer alizaliwa kasrini, na jambo hilo lilimtesa utoto wake wote.

Kaka zake wawili walizaliwa jikoni, katika nyumba ya kupanga huko Canning Town, mashariki ya London, mtaa wa makuli wa bandari ambako choo kilikuwa uani na kilikuwa cha wote. Yeye peke yake ndiye aliyezaliwa Ottersley, jumba la lodi mmoja katika jimbo la Northamptonshire, lenye madirisha mengi kuliko mtaa wao mzima. Si kwamba mama yake, Ethel, alikuwa na jamaa huko. Ilikuwa wakati wa vita, ndege za Wajerumani zinamwaga mabomu London usiku baada ya usiku, na serikali ilikuwa ikiwakusanya wajawazito waliokaribia siku zao na kuwapeleka shamba. Majumba ya wakubwa yaligeuzwa hospitali za uzazi. Ethel akapakiwa kwenye treni na tumbo lake, akaenda kujifungulia katika chumba ambacho zamani walilala wageni wa heshima.

Basi Mavis akikataa kuosha vyombo, kaka yake mkubwa, Stan, alikuwa akiinama mbele yake mpaka kichwa kikaribie sakafu. "Mwacheni bibi mkubwa apumzike," alisema. "Huyu kazaliwa kwenye zulia. Sisi tumezaliwa kwenye maganda ya viazi."

Ethel naye hakusaidia. Kila alipoulizwa kulikuwaje huko, alisema alichokikumbuka ni dari. Walikuwa wamechora mbingu juu ya dari yote, na katikati mzee mnene mwenye ndevu, uchi wa mnyama, amekalia wingu kama mtu anayesubiri basi. "Uchungu unanikata, nimelala chali, nikifumbua macho namwona yule," alikuwa akisema. "Nikamuuliza mkunga, na huyo naye kaja kufanya nini hapa?"

Watu walicheka, na mazungumzo yaliishia hapo. Mengine Ethel alimweleza bintiye peke yake, na kwa miaka mingi.

Mimi nilimjua Mavis akiwa mtu mzima. Tulihamia Walthamstow, kaskazini mashariki ya London, mimi na mume wangu, tukapata nyumba iliyobanana na yake, ukuta wake ndio ukuta wangu. Nilikuwa na mtoto wa wiki chache. Ilikuwa baridi ile ya Januari inayoingia hata ndani ya mto, mume wangu anafanya kazi hospitalini kwa zamu, na mimi sijui mtu. Mtoto alikataa ziwa. Matiti yalijaa yakawa mawe, yeye analia, na mimi nalia.

Siku ya tatu ya kilio hicho mlango uligongwa. Nilimkuta mwanamke mfupi mpana, bado amevaa aproni ya kazini, maana alikuwa mpishi wa shule ya mtaani kwetu. Mkononi ana sufuria ya mchuzi wa nyama na viazi iliyofungwa kwa taulo.

"Nimemsikia huyo bwana mdogo ukutani," alisema. "Kula kwanza, mwanangu. Mwenye njaa hana maziwa."

Alimchukua mtoto nikala. Kisha akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa cha moto, akanionyesha namna ya kumshika mtoto ubavuni kama mtu aliyekwapua mpira. Mtoto akanyonya. Sijui kama kuna sauti tamu duniani kuliko ile ya mtoto anayemeza. Nilimwita Bi Mavis tangu siku ile, na yeye hakuuliza hiyo "Bi" maana yake nini, aliipokea tu.

Aliendelea kuja kila alipotoka kazini. Na jioni moja, anambembeleza mwanangu, nikamuuliza alijifunzia wapi mambo ya maziwa. Ndipo aliponieleza habari za Nora.

Ethel alipokwisha kujifungua pale Ottersley, alipatwa na homa ya uzazi. Walimhamishia chumba cha peke yake, akawa hajitambui, anaongea na watu wasiokuwepo. Mtoto akabaki wodini. Walimpa maziwa ya kopo akayatapika. Wakampa tena akatapika tena, akaanza kukonda na sauti yake ikawa kama ya paka.

Kitanda cha jirani alilala mwanamke wa Deptford, kusini mashariki ya London, aitwaye Nora Bellchambers. Huyu alijifungua mvulana siku moja kabla, akampa jina Leonard, na Leonard hakuifikia siku ya pili. Walimzika katika uwanja wa kanisa dogo lililomo ndani ya viwanja vya jumba lile. Lakini maziwa hayajui msiba. Yalikuja kama kawaida, na wauguzi walimfunga Nora kifua kwa vitambaa ili yakauke.

Alilala hivyo amefungwa, akimsikiliza mtoto wa mwenziwe akilia njaa. Asubuhi moja akaketi, akafungua vitambaa mwenyewe, akasema, "Nileteeni."

Mkuu wa wauguzi alimweleza kwamba taratibu haziruhusu, na kwamba ingemzidishia machungu. Nora hakubishana naye. Alisema tena neno lile lile, mikono ameinyoosha. Wakamletea.

Akamnyonyesha kwa zaidi ya wiki mbili. Mtoto alikuwa bado hana jina, kwa kuwa mama yake alikuwa hawezi hata kutaja lake mwenyewe. Nje ya dirisha, juu ya mti, alikuwako ndege mwenye madoa kifuani aliyeimba alfajiri zote, na jina lake la kizamani ndege huyo ni mavis. Nora akampa mtoto jina hilo. Ethel alipopata fahamu alimkuta bintiye amenona, mashavu yanang'aa, na wodi nzima inamwita Mavis.

"Mama alikuwa amekusudia kuniita Doris," Bi Mavis aliniambia. "Alisema alipoyaona yale mashavu hakuthubutu hata kulitamka."

Nora aliondoka asubuhi moja Ethel akiwa amelala. Wauguzi walisema hakutaka kuaga. Ethel hakuwa amewahi kumuuliza anuani, walikuwa wakiitana kwa majina ya kwanza tu, jina la ukoo alilisikia mara moja. Aliporudi London nyumba yao ilikuwa kifusi, wakahama, wakahama tena. Vita vilipokwisha Ethel alikwenda Deptford akauliza. Mitaa mingi huko ilikuwa imebomolewa, na hakuna aliyemjua.

Na kabla ya kufa alimwachia bintiye wasia mmoja. Alisema, ukipata nafasi, nenda Ottersley ukamsalimie yule mtoto. Ulikula riziki yake.

Nilimwambia Bi Mavis kwamba kwetu nilikotoka, watu walionyonya ziwa moja ni ndugu, hata kuoana hawawezi. Aliacha kumbembeleza mwanangu, akanitazama.

"Ndugu?"

"Ndugu kabisa."

Akafikiri. "Basi nina kaka mwingine," alisema. "Na huyu hajanitania hata siku moja."

Nilidhani angekwenda mwaka ule ule. Hakwenda. Ottersley wakati huo ilikuwa bado mikononi mwa wajukuu wa lodi, na lango lilikuwa limefungwa. "Nikabishe hodi niseme nini?" alikuwa akiniuliza. "Nimekuja kuangalia dari yenu?" Halafu mumewe, Ron, aliyekuwa kuli kama baba yake, akaanza kuugua mapafu, na ugonjwa ule ulichukua miaka. Halafu akazikwa Ron. Halafu magoti ya Bi Mavis mwenyewe yakaanza kulalamika. Hakuna aliyeamua kwamba asiende, siku zilipita tu.

Katika siku hizo zote sikumwona akimwacha mtoto wa mtu na njaa. Pale shuleni walimwita mama wa kijiko cha pili, maana mtoto akirudisha sahani alikuwa haulizi, anaijaza. Mwanangu amekula kwake mpaka akawa anaulizia mkate wake wa mayai kwa Kiingereza cha Canning Town, na mimi nashindwa kumwelewa mwanangu wa kumzaa.

Gillian, binti yake, ndiye aliyeleta habari. Wajukuu wa lodi walishindwa kuezeka paa, wakalikabidhi jumba kwa chama kinachohifadhi majengo ya kale, na sasa mtu yeyote alikuwa anaingia. Ilikuwa karibu na siku ya kuzaliwa ya mama yake, mwezi wa Aprili. Akasema, "Mama, safari hii nakutia ndani ya gari hata ikibidi nikubebe." Bi Mavis alikubali kwa sharti moja, kwamba na mimi niwemo.

Gillian anafundisha watu kuendesha gari, kwa hiyo njia nzima alikuwa akiwatolea kasoro madereva wenziwe. Mama yake amevaa koti lake la bluu la harusini na mazikoni, pochi ameishika magotini kwa mikono miwili. Tulipopita lango na kondoo wakaonekana majanini, na mwisho wa ile njia ya miti likatokea jumba lenyewe, la mawe rangi ya asali, aliniambia taratibu, "Mama alipita njia hii hii ndani ya lori la mkate."

Kwenye kokoto alianza kuelekea mlango wa ubavuni. Gillian akamshika mkono. "Mama, mlango ni ule mkubwa."

"Wana hakika?"

"Wana hakika."

Tukapanda ngazi. Ndani aliwashangaza wahudumu, maana wageni wengi huuliza kuhusu picha na nani alimuoa nani, yeye aliuliza nani alikuwa anafuta vumbi humu na alikuwa na magoti ya namna gani. Kwenye viti vya hariri walikuwa wameweka miiba mikavu ili watu wasikae. Alivitazama akacheka. Alisema ni adabu ya hali ya juu, kumkataza mtu bila kumwambia neno.

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu, upande wa mashariki. Alikuwako mzee mmoja mrefu mwembamba amefunga tai ya kipepeo, mmoja wa wale wanaojitolea kuwaeleza wageni. Kifuani kibandiko kilisema Crewe. Alikuwa mwalimu wa Kilatini zamani, na alieleza vizuri, nani aliichora dari, mzee yule wa mawinguni ni mungu gani wa kale na ana hasira na nani. Bi Mavis alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha kwa heshima kama yuko kanisani. Kisha akasema, "Na mimi nilizaliwa hapa."

Bwana Crewe alitabasamu, kama mtu anayengoja mwisho wa kichekesho. Mwisho haukuja. Akamtazama vizuri.

"Wakati wa vita?" aliuliza.

"Wakati wa vita."

Mzee yule akasogea karibu. Alisema walijua kulikuwa na hospitali, wote walijua, lakini katika miaka yake yote ya kusimama pale hakupata kumwona mtu hata mmoja aliyetoka humo. Akauliza vitanda vilipangwaje, mlango wa wauguzi ulikuwa upi.

"Sikumbuki," Bi Mavis alisema. "Nilikuwa mdogo."

Tulicheka, na mzee alicheka kuliko sote. Hapo ndipo Bi Mavis aliponipa pochi yake, akashika mguu wa kitanda cha makumbusho kilichowekwa humo, akaanza kuteremka chini. Gillian akauliza anafanya nini. Alisema anataka kuona alichokiona mama yake, na mama yake hakukiona akiwa wima.

"Bibi, nasikitika," Bwana Crewe alisema, "taratibu za hapa haziruhusu wageni—"

"Baba, nimeingia chumba hiki sina hata nguo," alisema Bi Mavis, tayari amekaa. "Leo nina koti."

Bwana Crewe alitazama mlangoni. Kisha akaenda mwenyewe, akafunga kamba kuzuia wengine wasiingie, akarudi akamwekea mto aliouchukua kwenye kiti chake cha kupumzikia.

Akalala chali kwenye mbao zile, mikono tumboni. Alikaa hivyo muda. Nilimwona akitafuta kwa macho, akampata mzee wa mawinguni, uso ukalegea. Midomo yake ilikuwa ikitingishika lakini sikusikia. Gillian, ambaye nilikuwa sijamwona akiketi hata kwenye majani ya bustani bila kutandika kitu, akajilaza kando ya mama yake. Na mimi nikaona niwe nani nibaki nimesimama. Tukawa wanawake watatu sakafuni, tunamwangalia mtu uchi.

"Kweli anasubiri basi," Gillian alisema.

Kumnyanyua Bi Mavis kulichukua sote watatu, Bwana Crewe akiwemo.

Kanisa lilikuwa upande wa pili wa bustani, lenyewe dogo, limezungushiwa ukuta wa mawe. Bi Mavis alitaka twende polepole. Alikuwa amejiandaa kukuta hakuna kitu. Mama yake alisema palikuwa na msalaba wa mbao tu, chini ya ukuta wa kaskazini, na mbao za wakati wa vita zitakuwa zimeoza zamani. Alikuwa amekubaliana na nafsi yake kwamba atasimama chini ya ukuta aseme salamu zake kwa majani.

Lakini palikuwa na jiwe. Dogo, safi, halina ukungu. Mbele yake gudulia la maua ya manjano yaliyopauka, yale ya mwanzo wa majira ya machipuko, na maji ndani ya gudulia yalikuwa maangavu. Gillian akachuchumaa akasoma kwa sauti. Leonard Bellchambers, aliishi siku moja. Kisha akamtazama mama yake, akasoma mstari wa chini, ulioandikwa kwa herufi mpya zaidi.

"Na Nora, mama yake."

Bi Mavis alikuja kumsalimia mtoto, akamkuta na mama. Nilidhani atalia na nikasogea nimshike, lakini alikuwa akivua glavu. Alizivua zote mbili, akaweka viganja juu ya jiwe, kama anavyompapasa mtoto aliyelala.

"Ni Mavis," alisema. "Nimechelewa. Nilikuwa na kazi, na Ron alikuwa anaumwa." Akapumua. "Nimepata watoto watatu, na wajukuu. Sijawahi kuumwa kuumwa, daktari ananishangaa. Nilidhani nije nimwambie Leonard, sikujua kama na wewe upo." Halafu akasema kile alichokuja kukisema. "Ahsante kwa maziwa."

Aliendelea kusimama na sisi tukasimama naye. Sina la kuongeza kuhusu dakika zile, ila kwamba nilimkumbuka mwanangu na sufuria iliyofungwa taulo, na nikaona kwamba mkono wa Nora umefika mpaka kwangu mimi, mtu wa mbali, asiyemjua.

Tuliporudi jumbani kunywa chai, Gillian alikuwa na swali moja tu. Maua yale yaliwekwa na nani? Akapanda tena ghorofani kwa Bwana Crewe. Akashuka naye. Mzee alisema kuna bibi mmoja huja kila Aprili, mpole, huwa anakunywa chai mkahawani kisha anaondoka na basi. Alikuwa amekuja juzi. Alimjua jina lakini hakuwa na ruhusa ya kutoa habari za wageni, na Bi Mavis akasema anafanya vema. Wakakubaliana kwamba yeye achukue namba ya simu ya Bi Mavis, na bibi yule akitaka atapiga. Asipotaka, basi.

Wiki zikapita. Bi Mavis alikuwa akisema yeye ameridhika, amekwisha kusema ahsante na hana anachodai. Lakini niligundua kwamba hatoki tena kwenda dukani mpaka nije nikae karibu na simu.

Ilipolia nilikuwa jikoni kwake namenya viazi. Aliipokea akiwa amesimama. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, niliisikia, sauti ya mtu asiyependa kusumbuliwa. Ilisema inaitwa Hazel Tranter, imeambiwa ipige namba hii, na kama ni watu wa kuuza madirisha iambiwe mapema.

"Siuzi kitu, mpenzi," alisema Bi Mavis. "Nilikuwa kwenye kaburi la Leonard. Jina langu ni Mavis."

Bi Mavis akaniangalia. Halafu sauti ile ikarudi, safari hii ndogo kabisa.

"Mavis yupi?"

"Wa Ottersley. Nilinyonyeshwa na Nora."

"Ina maana upo," Hazel alisema. "Mungu wangu. Ina maana upo kweli."

Walikutana Ottersley, kwa kuwa kila mmoja alisema hapo ndipo anapopajua. Hazel alikuja kutoka Southend, mji wa pwani, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi za mvi, mkutubi mstaafu, hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki na hakujaliwa mtoto. Nora alimzaa baada ya vita. Mara ya kwanza hawakujua washikane mikono au wakumbatiane, wakashikana mikono kisha hawakuachiana. Mkahawani tukaagiza chai na ile mikate midogo ya jamu na malai. Mimi na Gillian tukataka kuhamia meza nyingine, Bi Mavis akatukataza kwa jicho.

Hazel alisema mama yake hakuwahi kuhesabu miaka ya Leonard. Watu huhesabu, husema angekuwa darasa fulani sasa, angekuwa anaoa. Nora hakuweza. Badala yake alihesabu ya Mavis. Kila Aprili alisema Mavis sasa anatembea, Mavis ameanza shule. Alisema maziwa yangu yanatembea mahali fulani duniani, na kwa neno hilo aliweza kuamka siku nyingine.

"Nilikuchukia," Hazel alisema. "Sijui kama unaelewa. Utoto wangu wote. Nikiacha karoti, Mavis bila shaka anakula karoti zake. Nikilia kwa daktari wa meno, Mavis asingelia. Sikuwa na dada, lakini nilikuwa na wewe, na ulikuwa hukosei."

Bi Mavis alikuwa amekwisha kuanza kucheka, machozi yanamtoka hapo hapo. Alisema karoti hajawahi kuzipenda, alikuwa akiwatupia sungura wa jirani. Na kwa daktari wa meno alimng'ata daktari.

"Na ndoa je?" Hazel aliuliza. "Mama alikuozesha mapema sana."

"Nilichelewa. Nilikuwa namsubiri Ron aache kucheza kamari ya mbwa."

"Hilo hakulijua."

"Angenigombeza?"

Hazel alifikiri kwa makini, kama vile swali lile lilistahili jibu la kweli. "Hapana," alisema. "Angesema Mavis anajua anachofanya."

Kisha akaeleza kwamba Nora, siku zake za mwisho, aliomba azikwe na Leonard. Na alimuuliza Hazel swali moja mara nyingi, akisahau kuwa ameshauliza, kama anadhani Mavis aliishi. Maana alimwacha mchanga mno, na London ilikuwa inawaka. Hazel alimjibu ndiyo kila mara, kwa kuwa ndilo jibu la kumpa mama anayekufa, lakini mwenyewe hakujua.

"Sasa najua," alisema. "Nilikuwa sisemi uongo."

Tangu hapo Hazel anakuja Walthamstow Krismasi na Pasaka, na katikati wanapigiana simu Jumapili na kubishana mambo ya siasa. Nawasikia ukutani. Bi Mavis ananiambia kwamba Hazel ni mjuaji kupita kiasi, na nikimkubalia ananikasirikia. Stan, kaka mkubwa, kabla hajafa alipelekwa kutambulishwa, akasema ikiwa familia ya kasri inazidi kuongezeka yeye atahama.

Aprili hii nimewasindikiza tena Ottersley. Bwana Crewe ameacha kazi ya ghorofani kwa ajili ya ugonjwa wa moyo, yuko langoni sasa kwenye kiti, anapokea tiketi, na alisimama alipowaona. Walipanda maua kaburini kwa kijiko cha jikoni, mmoja anachimba, mwingine anamkosoa. Kisha tukaenda kunywa chai. Msichana wa mkahawa, mgeni pale, aliuliza nani analipa, Hazel akasema ni yeye, huyu ni dada yake mkubwa na leo wanasherehekea siku yake ya kuzaliwa.

Msichana aliwatazama, mfupi mpana na mrefu mwembamba. Akasema kweli wanafanana, hasa pua. Wakamshukuru, wakachukua sinia yao wakaenda kukaa dirishani.